Rangi ya Kando ya Barabara: Ni kwa Ajili ya Nani?



Katika mkutano uliopita wa tawi letu palizuka ubishi juu ya jambo ambalo baadhi yetu walilicheka lilipotajwa. Ndugu mmoja, fundi wa rangi wa miaka mingi, alisimama akauliza: haya mawe ya ukingo wa barabara, na vile vyuma vya kinga vinavyozuia magari yasitumbukie mtaroni, kwa nini twavipaka rangi? Je, vipakwe ama viachwe? Kabla hajaketi, ndugu mwingine, kibarua, alimjibu kwa ukali kwamba yeye hulipa kodi ya chumba Kawangware kwa rangi hiyo hiyo, na asiyeitaka na ajitokeze amlipie. Watu wakacheka, mwenyekiti akagonga meza, tukaendelea na habari ya michango.

Lakini ndugu wale wawili hawakuridhika, na sisi tuandikao ukurasa huu hatukuridhika pia, maana kila mmoja alikuwa na neno la kweli na hakuna aliyejibiwa. Basi tumeona yafaa tulichukue shauri hili tulizungumze polepole.

Kwanza tulikwenda kutazama. Jumamosi moja alfajiri wachache wetu tulitoka Kangemi kwa miguu, kama watokavyo wafanyakazi wengi kila siku, tukashuka na Waiyaki Way mpaka Westlands, tukapita Museum Hill, tukafuata Uhuru Highway mpaka Kenyatta Avenue. Ni mwendo wa kilomita kama tisa. Kutoka Westlands tulikuwa chini ya ile barabara ya kulipia iliyofunguliwa mwaka 2022, yenye kilomita 27 kutoka Mlolongo, ambayo mwenda kwa miguu huijua kwa kivuli chake tu.

Mawe ya ukingo tuliyaona ya kila namna. Mengine meupe na meusi, mengine manjano na meusi, na mengine yamepakwa zamani hata huwezi kusema yalikuwa ya rangi gani. Vyuma vya kinga vingine vilikuwa ving'aavyo kama bati jipya, vingine vimepakwa, na rangi imeanza kubanduka kama magamba ya samaki. Na vivuko, ile mistari minene ya zebra imkingayo mama mwenye mtoto mgongoni, mahali kadha wa kadha ilikuwa imefutwa na magurudumu, imebaki alama ya kufikirika tu. Mita chache kutoka kwenye kivuko kimoja kilichofutika tulikuta mawe ya ukingo yaliyopakwa upya vizuri sana, mstari umenyooka kama uzi. Tulisimama pale tukatazamana. Rangi ilikuwapo, brashi ilikuwapo, kibarua alikuwapo, na fedha ilitoka. Ila ilikwenda kwenye jiwe, ikampita mtu.

Tuanze na vyuma, maana habari yake ni fupi. Chuma cha kinga hakiletwi barabarani kikiwa kitupu. Kiwandani huchovywa katika zinki iliyoyeyushwa kwa moto, na zinki ndiyo hiyo hiyo iliyo juu ya mabati ya nyumba zetu. Hilo ndilo koti lake. Mvua ikipiga, zinki huliwa kwanza, na chuma cha ndani hubaki salama, na koti hilo laweza kukaa miaka mingi bila mtu kuligusa. Sasa fundi yeyote wa rangi ajua hutokea nini ukipaka rangi ya mafuta juu ya bati jipya. Hukauka vizuri, bwana mkubwa hupita akasifu, na misimu michache ya mvua ikipita hubanduka vipande vipande, kwa sababu mafuta ya rangi na zinki hupigana na kufanya kitu kama sabuni katikati yao. Ili rangi ishike yataka kuosha, na kusugua kwa msasa, na kupaka kwanza rangi ya chini iliyotengenezwa kwa ajili ya zinki. Hiyo ni ghali, na mnyapara aliyeambiwa amalize kilomita nzima kabla ya Ijumaa hana habari nayo. Kwa hiyo rangi ya vyuma, kwa namna ipakwavyo kwetu, ni kazi ya kurudiwa milele.

Marekani na Ulaya, katika barabara nyingi kubwa, vyuma hivi huachwa na kijivu chake, wala si kwa kukosa fedha ya rangi. Uchina utaona vingine vya kijani, lakini rangi ile hutiwa kiwandani kwa joto, si kwa brashi ya mtu aliyechuchumaa kando ya malori. Na usiku dereva haongozwi na rangi ya chuma. Huongozwa na vile vibao vidogo vya kung'aa vifungwavyo juu yake, ambavyo taa ya gari ikivipiga hurudisha mwanga. Kibao kimoja chafanya kazi kuliko madebe ya rangi.

Tena adui wa vyuma hivi hapa kwetu si kutu. Ni msumeno. Sote tumeona mahali ambapo chuma kilikuwapo jana na leo zimebaki nguzo tupu, au mashimo ya nguzo. Mwezi wa Januari 2022, baada ya minara ya umeme kuanguka na nchi kuingia gizani, Serikali ilipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu kwa miezi kadhaa. Marufuku yaliondolewa mwaka ule ule, na msumeno haukustaafu. Mwizi wa vyuma haulizi kwanza kama kimepakwa.

Kwa hiyo juu ya vyuma twasema wazi: fundi wetu yuko upande wa haki. Viachwe na zinki yake. Vifungwe vibao vya kung'aa, vikazwe bolti zilizolegea, na vile vilivyoibwa virudishwe.

Mawe ni habari nyingine. Jiwe la ukingo ni zege. Halina kutu, halihitaji rangi ili liishi. Rangi juu ya jiwe ni maneno. Kwa hiyo swali la haki ni hili: maneno hayo yasemaje, na aambiwaye ni nani?

Kuna nchi ambako jiwe husema amri. Katika jimbo la California, huko Marekani, jiwe jekundu maana yake usisimame hapa kabisa; la manjano ni mahali pa kupakia na kupakua; jeupe ni la kupandisha na kushusha abiria; la kijani wasimama muda mfupi tu; la buluu ni la walemavu. Rangi hizo zimeandikwa katika sheria, na mwenye kuzivunja hulipa faini. Japani nako mstari wa manjano uliopakwa kwenye ukingo ni katazo: ukiwa mfululizo usisimame kabisa, ukiwa wa vipande usiegeshe. Hao hao Wajapani ndio waliosaidia kupanua kipande cha Ngong Road. Barabara tulipokea, bahati mbaya ile desturi ya jiwe kuwa na maana haikuja pamoja nayo.

Uingereza yafundisha jambo jingine. Vita vilipoanza mwezi wa Septemba 1939, taa za mijini zilizimwa kwa kuogopa ndege za Wajerumani. Watu wakaanza kugongwa na magari gizani. Basi mawe ya ukingo, miti na nguzo vikapakwa rangi nyeupe ili mtu aone njia na dereva aone mwisho wa barabara. Vita vikaisha, taa zikawashwa tena, na leo mawe mengi ya London ni ya kijivu tu. Katazo la kusimama huchorwa kwa mistari ya manjano juu ya lami. Rangi ile ililetwa na sababu, na sababu ilipoondoka rangi nayo ikaachwa.

Ireland ya Kaskazini, kwa upande wake, iko mitaa ambayo mawe hupakwa nyekundu, nyeupe na buluu, na mingine kijani, nyeupe na rangi ya chungwa, ili mpita njia ajue yuko kwa watu wa upande gani. Mungu atuepushe na hayo, hasa katika miaka yetu ya uchaguzi.

Na sisi je? Tulipofika mjini tuliwauliza madereva wa matatu, mmoja mmoja, jiwe la manjano na nyeusi lakwambia nini ambalo jeupe na jeusi halikwambii? Mmoja alisema ni alama ya hatari. Wa pili alisema ni mahali pa wakubwa. Wa tatu alisema ni rangi iliyobaki stoo. Huyu wa tatu twamwamini zaidi. Lakini muulize dereva yeyote wa zamani juu ya ule mstari wa manjano uliotiwa kwenye ubavu wa matatu kwa amri za mwaka 2004, hatakosa. Hata mtoto wa shule aliujua. Huo ndio mfano wa rangi yenye maana: mtu aliambiwa, akaelewa, akabanwa nayo.

Lakini msituelewe vibaya. Hatusemi jiwe lisipakwe kamwe. Sisi Kangemi na Kawangware hatuko vitani, lakini giza tunalo. Taa za njiani zipo mahali pengine na hazipo mahali pengine, na zilizopo si zote ziwakazo. Mfanyakazi wa zamu ya usiku atokaye kiwandani au jikoni mwa hoteli saa sita hutembea kando ya gari asiloliona mpaka limpite. Kwake yeye, pua ya kisiwa cha katikati ya barabara iliyopakwa nyeupe na nyeusi, na ukingo wa raundabauti uonekanao, ni jambo la uhai. Huyo ndiye yuko London ya mwaka 1939. Apewe rangi yake, tena iwe rangi yenye punje za kioo zirudishazo mwanga, si chokaa iliyokorogwa na maji inayokwenda na mvua ya kwanza ya Aprili.

Katika miaka ya karibuni zaidi ya watu elfu nne wamekuwa wakifa kila mwaka katika barabara za Kenya, na kundi kubwa kuliko yote ni wenda kwa miguu. Hao si watu wa mbali. Ni wafagiaji, ni askari wa lindo, ni mayaya watokao Kangemi kwenda Lavington na kutoka Kawangware kwenda Kileleshwa, ni wajenzi. Ni sisi. Mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi iliandika sera yake juu ya wenda kwa miguu na wapanda baiskeli, ikaahidi kwamba asilimia 20 ya fedha za barabara itakwenda kwao. Katikati ya jiji, mwaka 2020 na 2021, njia za miguu za Kenyatta Avenue, Wabera na Muindi Mbingu zilipanuliwa na vinguzo vikasimikwa ili magari yasipande. Kazi ile twaisifu bila kigugumizi. Mtu alikingwa kwa jiwe na nguzo, si kwa picha ya jiwe. Swali letu ni kwa nini wema ule ulipungua kadiri ulivyokaribia kwetu. Kawangware yako mahali ambapo njia ya miguu ni ukingo wa mtaro, na mtaro umejaa.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo watu hulisema kwa kunong'ona. Rangi ya kando ya barabara, hapa kwetu, mara nyingi hupakwa kwa ajili ya mgeni. Mwezi wa Julai 2015 Rais Obama alipokuja, Nairobi ilisafishwa na kupambwa. Hata nyasi zilipandwa kando ya barabara siku chache tu kabla hajafika, na watu wakazifanyia mzaha kwa sababu zilikuwa hazijapata wakati wa kuota. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo Baba Mtakatifu Francis alikuja mpaka Kangemi kwetu, katika kanisa la Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Mzee yule hakuzungumza habari ya mapambo. Alisimama mbele ya watu akataja vyoo, mitaro ya maji machafu, taka, umeme na barabara. Yeye mgeni ndiye aliyetutajia mitaro.

Wala desturi hii haikuanza juzi. Tarehe 30 Machi 1950 Duke wa Gloucester aliileta hati ya kifalme ya kuifanya Nairobi kuwa jiji. Palikuwa na sherehe kubwa. Chama cha wafanyakazi cha wakati ule, kilichoongozwa na Fred Kubai na Makhan Singh, kiliwaambia wafanyakazi wasiihudhurie, maana jiji lile lilikuwa la wachache, na aliyelijenga alikaa chumba kimoja na watu wanane. Mwezi wa Mei viongozi hao wawili walikamatwa, na wafanyakazi wa Nairobi wakagoma siku kadhaa. Makhan Singh hakuachiliwa mpaka mwaka 1961. Hatutaji habari hii ili kufananisha jiwe la ukingo na kifungo cha miaka kumi na moja. Twaitaja kwa kuwa chama cha wafanyakazi katika jiji hili kilijifunza mapema kuuliza, jiji linapopambwa, lapambwa kwa ajili ya macho ya nani.

Tumrudie ndugu yetu wa Kawangware, maana yeye bado anangoja jibu, na jibu la kumwambia kwamba rangi ni upuuzi si jibu la ndugu kwa ndugu. Alisema kweli: rangi ni siku za kazi. Anapoitwa siku kumi kupaka mawe, watoto wake wanakula siku kumi. Sisi viongozi wa chama tukienda kwa wenye barabara tukawaambia waache kupaka, tukarudi mikono mitupu, tutakuwa tumemfanyia kazi mwajiri bure.

Lakini na yeye twamwomba aitazame kazi hiyo vizuri. Ni kazi ya namna gani? Huitwa kwa simu usiku, aje kesho. Hulipwa kwa siku, au huahidiwa. Mgeni akiisha kupita, kazi imekwisha. Baada ya miezi sita huitwa tena kupaka mawe yale yale, na kila mara huanza upya kama mtu mgeni, hana likizo, hana siku ya ugonjwa, hana chochote cha kuonyesha kwamba amefanya kazi hiyo miaka minane. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 37, yasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa mwezi mmoja, au aliyepewa kazi isiyotazamiwa kumalizika kabla ya miezi mitatu, asihesabiwe tena kibarua wa siku. Sasa angalieni ujanja: kazi ya kupaka kwa ajili ya wageni haifiki mwezi. Hukatwa katwa vipande vifupi, na kifungu cha 37 hubaki kimelala kitabuni. Rangi isiyo na maana ndiyo mama wa ukibarua usio na mwisho.

Mwaka 2020, wakati wa korona, Serikali ilianzisha Kazi Mtaani, na vijana wetu walizibua mitaro na kufagia vichochoro kwa Sh 455 kwa siku. Wengi walishukuru, na sisi hatukuwalaumu, maana njaa haingoji mkataba. Lakini fedha ile ilikuwa chini ya kima cha chini cha kibarua wa siku Nairobi, na mpango ulipokwisha mitaro ikajaa tena. Funzo tulilopata ni kwamba mtaro haujui mpango wa dharura. Hujaa kila mwaka. Kivuko hufutika kila mwaka. Kibao cha kung'aa huibwa kila mwezi. Hizo zote ni kazi za kudumu zinazofanywa na watu wasio wa kudumu, na huo ndio ugomvi wetu.

Basi jibu letu kwake ni hili. Hatutaki siku zako kumi ziondolewe. Twataka ziongezwe ziwe mwaka, na ziwekwe penye faida. Kuchora upya vivuko vyote kutoka Kangemi mpaka mjini, na Ngong Road mpaka Dagoretti Corner, na Gitanga Road, na James Gichuru, kusafisha mitaro, kubadili mawe yaliyovunjwa na malori, kukaza vyuma, kufunga vibao. Mwenye kufanya hesabu ataona kazi hiyo haiishi mwezi wa kwanza wala wa kumi na mbili, kwa maana ukimaliza mwisho, mwanzo umekwisha chakaa. Hiyo yataka kikosi chenye barua za kazi. Na mwenye ujuzi wa brashi akifunzwa kuendesha mashine ya ile rangi iyeyushwayo kwa moto, ameshapanda ngazi. Si mtu wa kuokotwa tena kando ya steji.

Kuna na jambo la usalama ambalo hatuwezi kulipita, ingawa ukurasa unakwisha. Mpaka rangi huchuchumaa akiupa mgongo usafiri. Ndugu yetu mmoja aligongwa na pikipiki akipaka ukingo alfajiri; hakuvaa koti la kung'aa kwa kuwa mwajiri wake alikuwa na makoti manne kwa watu kumi na moja. Alivunjika mguu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga, na ile ya fidia ya mwaka huo huo humpa haki mtu aliyeumia kazini, kibarua asibaguliwe. Mwanachama akiambiwa aje na koti lake mwenyewe, na atuletee habari.

Tena iko rangi yenyewe. Manjano ya zamani yaliyotumiwa barabarani mara nyingi yalikuwa na madini ya risasi. Kiwango kiruhusiwacho Kenya sasa ni sehemu 90 tu katika kila sehemu milioni moja za rangi, lakini rangi iliyopakwa zamani bado iko juu ya mawe, na anayeisugua kwa msasa bila kitambaa puani huvuta vumbi lake, kisha huenda nalo nyumbani kwenye nguo akambeba mtoto. Risasi si mchezo. Watu wa Owino Uhuru, Mombasa, walidhuriwa nayo na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe Sh bilioni 1.3. Nairobi hatukupumzika na risasi ya petroli mpaka mwaka 2006. Isirudi kwetu kwa mlango wa brashi. Kabla ya kusugua rangi ya zamani, dai kitambaa cha pua na maji ya kulowesha, na uoshe mikono kabla ya kula. Mkebe usio na maandishi usiufungue. Mwulize mnyapara umetoka wapi.

Wako watakaotuambia kwamba jiji lililopakwa rangi lapendeza, na mfanyakazi naye apenda kuona mji mzuri. Ni kweli. Hakuna aliyesema maskini hapendi uzuri. Tazameni milango ya vyumba vyetu wakati wa Krismasi na Idi. Lakini mwenye nyumba mwenye akili huziba paa kabla ya kupaka ukuta. Siku vivuko vyote vitakapoonekana, na taa zitakapowaka mpaka ndani ya Kangemi, akitokea mtu wa kutaka kupaka mawe buluu kwa furaha tu, sisi tutamshikia debe.

Shauri hili litaletwa mbele ya mkutano wa tawi Jumapili ya mwisho ya mwezi, saa nane mchana, mahali petu pa kawaida. Tutaomba wanachama wakubali mambo mawili tuyapeleke kwa wenye barabara, maana barabara hizi zina mabwana watatu, yaani mamlaka ya barabara kuu, mamlaka ya barabara za mijini, na Kaunti, na kila mmoja hupenda kusema ni ya mwenziwe. La kwanza, fedha ya kupaka vyuma vya kinga ihamishiwe kwenye vivuko na vibao vya kung'aa. La pili, kazi hiyo ifanywe na kikosi cha kudumu, na waliokuwa wakipaka kama vibarua wahesabiwe kwanza.

Kwa ajili hiyo twahitaji ushahidi. Kila mwanachama atembeaye kwenda kazini aandike katika karatasi mahali ambapo kivuko kimefutika, taa haiwaki, au chuma kimeibwa: jina la barabara, jengo au steji iliyo karibu, na saa anayopita hapo. Wasiojua kuandika wamwambie mwakilishi wa kazini kwao aandike. Karatasi ziletwe kabla ya Jumatano ya wiki ya mkutano. Fundi wetu na ndugu yetu wa Kawangware wamekubali kuzipanga pamoja, na hata tunapoandika haya bado wanabishana juu ya jiwe la manjano.